Moyo Unapokwenda Mbio: Vaa Kipimo, Fanya Kazi Zako

Akina mama wengi tunaijua hali hii: uko shambani unapalilia mahindi, mara moyo unakwenda mbio, macho yanaingia kiza. Ukifika hospitali, moyo umekwisha tulia. Kipimo cha kawaida cha moyo husoma mapigo ya sekunde chache tu, nawe unaambiwa huna kitu. Nyumbani minong'ono ya uchawi inaanza.

Kumbe ugonjwa waweza kuwapo, ila hukupimwa saa ile unapoumwa. Ndiyo sababu daktari huagiza kipimo cha kuvaa, kiitwacho Holter, jina la Mmarekani aliyekibuni. Cha kwanza, miaka ya 1940, kilikuwa na uzito wa karibu kilo 38, naye alikibeba mgongoni! Cha leo hufungwa kiunoni. Nyaya zake hubandikwa kifuani, nacho huandika kila pigo kwa saa 24 au 48. Hakipigi shoti wala hakitibu.

Kwa Tanzania, kipimo hiki kipo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya kutoka Tarime, muulize daktari wako kama kinapatikana karibu zaidi, na utakaa huko siku ngapi, maana ni lazima ukirudishe.

Hapo ndipo penye mtego. Utafikia kwa ndugu, nao watakuambia, "Mgonjwa, kaa upumzike." Mama mpendwa, ukikaa kitini mchana kutwa, kipimo kitaandika moyo uliopumzika, nawe utarudi Tarime bila jibu. Waeleze wenyeji wako. Chota maji, fagia, panda ngazi, kama daktari hakukukataza.

Uwe na daftari. Moyo ukidunda vibaya, andika saa, ulichokuwa ukifanya na ulivyojisikia. Kama huandiki, mtoto akuandikie. Daktari atalinganisha daftari na mapigo ya saa hiyo hiyo.

Usioge, jipanguse kwa kitambaa bila kulowesha kifua. Ukimbeba mtoto, kanga isisugue nyaya. Zikibanduka, rudi ulikopewa.

Lakini ukizimia au kifua kikikubana, usingoje saa 24 zitimie. Nenda hospitali mara moja, na kipimo chako kiunoni.