Stima Nyumbani: Je, Mwenye Nyumba Ashike Bisibisi Mwenyewe?

Taa ya mafuta ilipoharibika, kila mtu mzima nyumbani alijua la kufanya. Utambi ulipunguzwa kwa mkasi, chemni iliyopasuka ilibadilishwa, na kazi ikaisha kabla ugali haujaiva. Hapakuwa na haja ya kumwita fundi. Kwa hiyo si ajabu kwamba stima ilipoingia katika nyumba nyingi za mashambani, hasa baada ya mwaka 2015, serikali ilipoanza mradi wa kuwaunganisha watu wakaao katika umbali wa mita 600 kutoka kwenye transfoma, wengi waliichukulia kuwa ni taa ile ile ya zamani iliyotiwa waya. Ikizimika, mtu huchukua kisu cha jikoni na kupanda juu ya kiti.

Basi swali laja: je, mtu mwenye akili timamu, ambaye hakusomea kazi ya umeme, yafaa azitengeneze mwenyewe hizi kazi ndogo ndogo za stima nyumbani mwake, au kila jambo amwachie fundi? Wako wasemao kwamba fundi ni mtu wa gharama, aahidi Jumamosi na kufika Jumanne, na kwamba kufunga soketi si kazi ya kumshinda mtu ajuaye kusoma na kuandika. Wako wengine wasiothubutu hata kubadilisha balbu, nao humngoja mtoto wa jirani arudi kutoka chuoni. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili.

Hata mataifa yaliyoutumia umeme kwa miaka mingi hayakubaliani katika jambo hili. Huko Uingereza, tangu mwaka 2005, mwenye nyumba aweza kufanya kazi fulani ndogo kwa mkono wake, lakini akitaka kuongeza njia mpya ya waya au kubadilisha kisanduku cha fyuzi, lazima wakuu wa ujenzi wajulishwe. New Zealand humruhusu mwenyeji kufanya baadhi ya kazi katika nyumba anayokaa mwenyewe. Australia, iliyo jirani yake, yakataza: waya uliofungwa ndani ya nyumba haugusi mtu asiye na leseni. Hapa Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka kazi ya kufunga nyaya za nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni, na leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya nishati na petroli iitwayo EPRA. Kuhusu mita na mihuri yake, hapana majadiliano: hiyo ni mali ya kampuni ya umeme, na kuichezea ni kosa la kumfikisha mtu mahakamani.

Lakini sheria haimwambii mtu mambo yote ya kila siku. Nionavyo mimi, mpaka ni rahisi kuukumbuka. Kitu kiwezacho kung'olewa ukutani na kuwekwa juu ya meza, pamoja na plagi yake mbele ya macho yako, mara nyingi ni kazi yako. Kitu ambacho waya wake wapita ukutani, darini au ardhini ni kazi ya fundi. Sababu ni hii: plagi iliyo mkononi mwako ni ushahidi kwamba umeme haumo katika kifaa kile. Swichi ya ukutani si ushahidi. Fundi mzembe huweza kuifunga swichi juu ya waya wa kurudi badala ya waya wa moto. Basi ukiizima, taa itazimika kweli, lakini holda ya balbu itabaki na volti zote 240, ikingoja kidole. Kwa hiyo hata balbu, ambayo kila mtu aweza kuibadilisha, ibadilishwe baada ya kuzima swichi kuu iliyo karibu na mita, wala si ile ya chumbani peke yake.

Kazi ya kwanza impasayo kila mtu mzima kuijua ni kufunga plagi. Ng'oa plagi, ifungue kwa bisibisi, uilaze mbele yako huku ndani yake ikikutazama na jino lile refu likiwa juu. Waya wa rangi ya kahawia, ambao ni waya wa moto, huenda upande wa kulia penye fyuzi. Wa buluu, yaani wa kurudi, huenda kushoto. Na ule wenye mistari ya kijani na manjano, yaani wa ardhi, huenda juu. Katika nyaya za zamani utakuta nyekundu mahali pa kahawia, nyeusi mahali pa buluu, na kijani tupu. Kisha hakikisha kwamba kile kibano cha chini kimeushika waya kwa ganda lake la nje, ili mtu akiuvuta asiving'oe vile vya ndani. Ni kazi ya dakika kumi. Mama wa nyumbani aweza kuifanya, na kijana wa darasa la nane aweza kufundishwa.

Ila hata kwenye meza kuna vitu vya kuogopwa. Maikrowevu na televisheni za zamani zile zenye kioo kinene huhifadhi umeme ndani yake hata baada ya kung'olewa, nao waweza kumwua mtu. Vitu hivyo visifunguliwe nyumbani.

FYUZI HUMLINDA NANI?

Hapa ndipo penye kosa kubwa katika fikira za watu wengi, na ningependa msomaji asome polepole. Wengi hudhani ya kuwa fyuzi, au ile breka iliyo katika kisanduku, imewekwa ili imwokoe mtu. Sivyo. Imewekwa ili iuokoe waya usiungue na kuichoma nyumba.

Tazama hesabu yenyewe. Mtu huanza kuhisi umeme ukipita mwilini mwake kiasi cha miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Ukifika miliampea 10 au zaidi kidogo, misuli ya mkono hukaza yenyewe, na mtu hawezi kukiachilia alichokishika hata akitaka. Ukizidi miliampea 30, na ukipita kifuani kwa muda, moyo waweza kupoteza mapigo yake. Sasa, balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampea 250. Na fyuzi ya plagi yenye nambari 13 hupitisha ampea 13, ambazo ni miliampea 13,000, bila kukatika hata kidogo. Kwa hiyo mtu aweza kufa huku fyuzi ikiona kwamba mambo yote ni sawa.

Chombo kilichowekwa kwa ajili ya uhai wa mtu ni kingine, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD. Hiki huupima umeme unaotoka na ule unaorudi. Vikitofautiana kwa miliampea 30, hukata mara moja, kwani maana yake ni kwamba umeme umepata njia nyingine, labda kwa mwili wa mtu. Utakitambua kwa kidude chake cha kujaribia. Kibonyeze mara moja kila baada ya miezi michache. Kisipokata, mwite fundi siku hiyo hiyo. Na kama nyumba yako haina chombo hiki, pesa zako za kwanza za stima zielekee huko kabla ya kununua redio kubwa.

Hata hivyo fyuzi isidharauliwe. Nimeona mahali fyuzi iliyoungua imebadilishwa kwa kipande cha waya wa shaba, na mahali pengine kwa karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara. Breka nayo ikikata mara kwa mara, wako watu wanaoitoa na kutia kubwa zaidi, nao hujisifu kwamba wameponya ugonjwa. Kumbe waliyemnyamazisha ni mlinzi. Tangu siku hiyo, kitakachoungua kwanza ni waya wenyewe, huko darini, juu ya mbao kavu, usiku watu wakiwa wamelala.

Wapangaji wa mijini wana hatari yao nyingine, maana chumba kizima mara nyingi hupewa soketi moja. Hapo hesabu yafaa kuliko ufundi. Gawanya wati za kifaa kwa volti 240, utapata ampea. Birika la wati 2,000 hutaka ampea 8 na ushei. Pasi ya wati 1,200 hutaka 5. Ukivitumia vyote viwili pamoja kwenye ekstensheni moja umeshapita 13. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mwembamba usioweza hata hizo, na ukiwa umekunjwa chini ya kitanda hupata joto upesi zaidi. Shika plagi baada ya robo saa. Ikiwa moto, punguza vyombo.

BAFUNI NA ZIZINI

Kuna kazi mbili ambazo watu hupenda kuzijaribu wenyewe, nazo ndizo ningezikataza kabisa. Ya kwanza ni kile chombo cha bafuni kinachopasha maji papo hapo juu ya kichwa cha anayeoga. Hutumia wati 5,000 hivi, yaani ampea zaidi ya 20, na waya wa taa hauwezi kamwe kuubeba mzigo huo. Hutakiwa waya mnene, wa milimita 6 za mraba, utokao moja kwa moja kwenye kisanduku na wenye breka yake. Zaidi ya hayo, katika aina nyingi za vyombo hivi, chuma kinachopata moto huguswa na maji yenyewe. Kinachomtenga mtu aliyelowa na kifo ni ule waya mmoja wa kijani na manjano. Na huo ndio waya ambao fundi wa bei rahisi huukata na kuukunja pembeni, akisema kuwa chombo chafanya kazi vizuri bila huo. Ni kweli, chafanya kazi vizuri bila huo. Ndiyo hatari yake.

Ya pili ni mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mkulima huivuta stima kutoka jikoni kwa waya uliolazwa juu ya ua, au kufungwa kwenye miti kwa misumari, mpaka zizini penye matope na mkojo. Ardhi iliyolowa hupitisha umeme vizuri, na ng'ombe huumizwa na umeme mdogo kuliko umuumizao mtu, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, nao umeme hupita katikati, penye moyo. Mtu aliyepoteza ng'ombe mmoja wa maziwa kwa njia hii amelipa ujira wa fundi mara nyingi. Waya wa zizini yafaa uwe wa namna ya kuzikwa ardhini, wenye ganda la chuma, na mashine iunganishwe na fimbo ya ardhi iliyopigiliwa mpaka penye udongo wenye unyevu. Ni fundi mwenye kipimo tu awezaye kujua kama fimbo ile yafanya kazi. Kwa macho fimbo nzuri na mbovu ni sawa.

Wenye taa za jua za volti 12 wana uhuru zaidi, kwani volti hizo kwa kawaida hazimdhuru mtu mwenye mikono mikavu. Lakini betri ikipigwa shoti kwa bisibisi huweza kuyeyusha chuma na kuchoma uso. Tena, yule aliyeongeza kile chombo cha kugeuza volti 12 kuwa 240 asidhani bado ana taa ya jua ya kuchezea. Ana stima kamili.

Sasa, kumwita fundi si kufumba macho. Sisi tufanyao kazi za kalamu hupenda kudhani kwamba tukishalipa tumemaliza. Mwombe fundi leseni yake kabla hajafungua begi, na uitazame tarehe; majina ya wenye leseni hupatikana pia katika tovuti ya EPRA. Asikasirike, dereva naye huombwa leseni. Kazi kubwa ikiisha, dai cheti cha kazi hiyo kilichotiwa sahihi. Mwambie akuonyeshe kipimo cha waya wa ardhi, na asimame wakati unapobonyeza kile kidude cha kujaribia. Kisha andika juu ya kisanduku, kwa wino usiofutika, breka ipi ni ya taa, ipi ya soketi, ipi ya bafuni. Hii ni kazi ya mwenye nyumba, wala haihitaji leseni.

Limebaki jambo moja, ambalo lapasa kufundishwa kila aliyemo nyumbani, hata watoto. Ukimkuta mtu ameshikwa na stima, usimguse. Wengi wamekufa wawili, watatu, kwa sababu ndugu alimshika ndugu. Kimbia kwanza kwenye swichi kuu na kuizima. Isipowezekana, simama juu ya kitu kikavu kisicho cha chuma na umsukume kwa ubao mkavu au mti wa ufagio. Kama ni waya wa nguzo ulioanguka shambani, hata ubao haufai. Umeme huo hutembea ardhini, basi kaa mbali, wazuie watu na mifugo, na uiite kampuni ya umeme. Mtu akishaachiliwa na hapumui, mlaze chali juu ya sakafu ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu kina cha sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali.