Dole Gumba Kwenye Muhtasari

Sensa ya 1967 iliikuta Tanzania Bara ikiwa na watu wazima wasiojua kusoma wala kuandika wapatao theluthi mbili. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mtihani wa kitaifa wa 1986 ukawakuta wamebaki asilimia 9.6. Sensa ya 2012 ikarudi na habari nyingine: waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 78. Kupima kwa mtihani na kupima kwa maswali ya karani wa sensa si mamoja. Hata hivyo, ngumbaru bado wapo.

Hasara yao tumezoea kuihesabu kwa mtu mmoja mmoja. Naona iliyo kubwa zaidi ni ya kijiji kizima. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie, na kinachobaki baada ya watu kutawanyika ni muhtasari. Pale ambapo wengi hutia dole gumba, orodha ya mahudhurio inaweza kuambatishwa kwenye uamuzi ambao hawakuufanya. Jirani yao aliyesoma naye anaumia, maana akihoji anahoji peke yake. Ndivyo ilivyo hata kwa mapato na matumizi: yakisomwa kwa sauti, asiyesoma husikia jumla, lakini hana namna ya kuilinganisha na ya robo iliyopita. Wachache wanaosoma ndio wanaoshika daftari la kijiji, la shule na la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Si lazima wawe wezi. Hawana tu wa kuwakagua.

Wapo watakaosema siku hizi kuna simu, na mtoto wa shule atamsomea mzazi. Lakini anayesomewa ujumbe wa pesa mara nyingi humwachia msomaji na namba ya siri. Wengine watasema wazee wasiosoma wanaijua mipaka ya mashamba kuliko hati yoyote. Kweli, ila shauri likifika barazani maneno yao yatashindanishwa na karatasi wasizoweza kuzikosoa.

Vitabu vya kisomo vya miaka ile vilifundisha herufi kwa pamba, migomba na uvuvi. Vya leo vifundishe kwa muhtasari wa mkutano mkuu na taarifa ya mapato ya kijiji husika.