Mpaka wa Majini

Kisiwa cha Saanane, wilayani Nyamagana, kilianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Wapo ambao hata leo hawaijui tofauti hiyo. Hifadhi ni ndogo, haifiki kilomita 3 za mraba, na sehemu yake ni ziwa. Hivyo askari wake hushika doria kwa mashua, wakiopoa nyavu zilizotegwa kwenye mazalio ya samaki. Mvuvi akikamatwa hudai hakuuona mpaka. Pengine husema kweli, maana usiku maji yote ni mamoja. Askari hana lawama, sheria imekataza uvuvi hifadhini. Lakini, ndugu viongozi, ni nani kati yetu aliyefika mwaloni kumwonyesha mvuvi huyo mpaka kabla hajatega?