Je, Wajua? Hewa Ukaa Nayo ni Malighafi

Je, wajua kwamba punje nyeupe za urea ambazo mkulima huwekea mahindi yake zimetengenezwa kwa hewa ukaa? Kiwandani, gesi hiyo hukutanishwa na amonia kwenye joto kali na shinikizo kubwa. Viwanda vya urea duniani humeza zaidi ya tani milioni 100 za hewa ukaa kila mwaka, tena bila kichocheo cha metali, kwa kuwa amonia huungana nayo kwa urahisi.

Je, wajua kwamba mbele ya kemikali nyingine nyingi gesi hiyohiyo ni kaidi? Hewa ukaa ni mabaki ya kuni, mafuta na makaa yaliyokwisha kuungua. Nishati yake ilishatoka na moto. Kaboni imeshikwa huku na huku na oksijeni mbili, na kuziachanisha ni kazi. Ndipo huitwa metali kama kobalti, zinki au shaba. Molekuli hujishikiza kwenye metali, viungo vyake vikalegea, ikaungana na mwenzi mpya na kuondoka. Metali hubaki ilivyokuwa, ikingoja inayofuata; ndiyo maana huitwa kichocheo.

Je, wajua kwa nini metali hiyo hufungiwa ndani ya polima yenye vitundu? Ikiyeyushwa kwenye kimiminika hufanya kazi vizuri, lakini kuitenganisha na bidhaa ni gharama. Polima, jamii ya plastiki, inaweza kuundwa isiyeyuke: kazi ikiisha, unga huchujwa, ukaoshwa, ukakaushwa na kurudishwa mtamboni. Tena polima ikiwekewa nitrojeni, huivuta hewa ukaa, kwa sababu gesi hiyo ina tabia ya asidi, na nitrojeni iliyo kwenye polima ina tabia ya besi.

Je, wajua kwamba gramu moja tu ya polima ya namna hii inaweza kuficha eneo kubwa ajabu? Mwaka 2009 watafiti wa China walitangaza PAF-1, ambayo kuta za vitundu vyake zina eneo la mita za mraba 5,600 kwa gramu. Hiyo ni zaidi ya robo tatu ya uwanja wa mpira wa miguu.

Je, wajua kwamba hewa ukaa inaweza kuishia kwenye betri? Mwaka 2013, watafiti wengine wa China walitumia polima yenye kobalti kuiunganisha na oksidi ya propilini, kwenye joto la kawaida la chumbani na bila shinikizo la ziada. Walipata propilini kaboneti, kimiminika kinachotumika katika betri za lithiamu.

Je, wajua kwamba kichocheo kimoja kina undugu na damu yetu? Mwaka 2015, watafiti wa Berkeley, Marekani, akiwemo Omar Yaghi, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025, walitengeneza polima ya kaboni yenye pete za pofirini zilizoshika kobalti. Pete za ukoo huohuo ndizo zinazoshika chuma ndani ya damu. Ikiwa majini na kupitishiwa umeme, polima hiyo hugeuza hewa ukaa kuwa kaboni monoksidi: sumu kwa anayeivuta, lakini kwa kiwanda ni malighafi ya mafuta na methanoli.

Je, wajua kwamba kichocheo hakilipi bili ya nishati? Hupunguza tu ugumu wa njia. Kiwanda cha methanoli cha Svartsengi, Iceland, kilichozinduliwa mwaka 2012, kilichukua hewa ukaa kutoka kituo cha umeme wa jotoardhi na hidrojeni iliyopatikana kwa kupasua maji kwa umeme. Hesabu ilikubali kwa sababu umeme wa Iceland ni wa maji na jotoardhi. Hidrojeni hiyo ikitengenezwa kwa umeme wa makaa ya mawe, hewa ukaa itakayotoka kwenye bomba la moshi itazidi ile inayoingia mtamboni.