Mahudhurio ya Wasichana: Mafunzo kutokana na Kazi ya Marjorie Mbilinyi

Rejesta ya mahudhurio humweleza mwalimu kuwa mtoto hayupo, lakini haimwelezi sababu. Kutafuta sababu hiyo ni sehemu ya kazi ya ualimu, na katika nchi yetu Profesa Marjorie Mbilinyi, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miongoni mwa walioitafuta kwa bidii kubwa.

Mbilinyi alizaliwa Marekani mwaka 1943, akahamia Tanzania mwaka 1966 na kuwa raia mwaka 1967. Shule za kikoloni, zilizowatenga Wazungu, Waasia na Waafrika, zilikuwa zimekwisha kuunganishwa tangu Januari 1962. Hata hivyo, kufutwa kwa ubaguzi wa rangi hakukuondoa tofauti kati ya wavulana na wasichana. Mwaka 1969 alitoa utafiti juu ya elimu ya wasichana, na mwaka 1972 tasnifu ya udaktari kuhusu namna wazazi wa vijijini wanavyoamua kusomesha watoto.

Wengi walizoea kusema kuwa mzazi wa kijijini hajui thamani ya elimu. Mbilinyi alionyesha kuwa mzazi huyo hupima. Hutazama kazi ambayo mtoto hufanya nyumbani, gharama za shule na faida itakayopatikana baadaye. Mizani ikielemea upande mmoja, msichana ndiye anayebaki nyumbani.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza mwaka 1977. Idadi ya wasichana wanaoandikishwa ikakaribia ile ya wavulana. Lakini taarifa aliyoihariri pamoja na Patricia Mbughuni mwaka 1991 ilikumbusha kuwa kuandikishwa si kuelimika. Mwaka 1993 Mbilinyi alikuwa miongoni mwa waasisi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania.

Mwanachuo atakayefundisha katika uwanda wa Ufipa azingatie mambo haya:

(a) Achambue rejesta kwa jinsi na kwa majira. Muhula huanza Januari, wakati wa palizi ya mahindi na maharage. Msichana huweza kukosa kwa sababu ya kulea mdogo wake au kuteka maji, na mvulana kwa sababu ya kuchunga ng'ombe. Sababu mbili hudai mazungumzo mawili tofauti na mzazi.

(b) Ahesabu maswali anayouliza katika somo moja: mangapi kwa wavulana, mangapi kwa wasichana.

(c) Agawe kazi za shule kwa zamu. Kama wasichana pekee ndio wanaofagia na kuteka maji, shule inaongeza mzigo uleule wa nyumbani.

(d) Afahamu kuwa tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni, na amweleze mzazi hivyo.

Mwalimu hawezi kubadili peke yake mizani ya mzazi. Anaweza kuhakikisha kuwa upande wa shule una uzito wa kutosha: mtoto afundishwe, aulizwe, na akikosekana atafutwe.