Mwalimu asiye na cheti



Mwezi uliopita nilikwenda kwa bibi mmoja wa zoni yetu, yule ambaye wengi wenu mmenunua vyungu vyake. Nilimwomba awe anakuja Jumamosi kuwafundisha watoto wa darasa langu kufinyanga. Akacheka, akapangusa mikono, akasema: "Mwalimu, mimi sikusoma. Nitafundishaje watoto wa shule?" Nikarudi nyumbani bila jibu. Jibu nimelipata Nijeria.

Huko kuna mji unaitwa Suleja. Zamani ndio ulioitwa Abuja, kabla jina hilo halijapewa mji mkuu mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua pale kituo cha kufundisha ufinyanzi. Mkuu wake alikuwa Mwingereza, Michael Cardew, msomi wa Oxford. Vijana wa kiume walifundishwa kufinyanga kwa gurudumu na kuchoma vyombo kwa kuni ndani ya tanuri, moto wa zaidi ya nyuzi 1,200.

Lakini katika nyumba ya mtawala wa mji, Cardew aliona mitungi iliyomshangaza. Aliyeifinyanga ni Ladi Kwali, mama wa kabila la Gwari, aliyejifunza kazi hiyo nyumbani tangu utotoni. Shule hakusoma. Mwaka 1954 akaingia kituoni, mwanamke wa kwanza pale.

Basi oneni alivyofanya kazi. Mtungi umetulia chini, yeye ndiye anayezunguka, tena kinyumenyume. Anaongeza udongo uliosokotwa kama kamba, pande juu ya pande, halafu anaulainisha. Ukutani anachora mijusi, nyoka, samaki. Kituoni mitungi yake ilipakwa maji ya majivu na mawe yaliyosagwa, ambayo motoni yanageuka kama kioo. Hapo mama zetu mtacheka, maana mtungi wa hivyo hautoi jasho, kwa hiyo haupozi maji. Ulikuwa wa kutazamwa tu na kuuzwa mbali!

Gurudumu naye alijifunza. Baadaye wakaja wanawake wengine, akina Asibi Ido na Kande Ushafa. Kwa hiyo mahali pamoja kulikuwa na walimu wa aina mbili, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Mwaka 1974 akafika Magdalene Odundo, binti aliyezaliwa Nairobi, ambaye wakati huo alikuwa anasomea sanaa Uingereza. Chuo alikuwa nacho tayari. Kufinyanga kwa mkono alikujifunza hapo Abuja, kwa Ladi Kwali na wenzake. Leo vyombo vyake viko katika majumba makubwa ya makumbusho, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Ladi Kwali mwenyewe alipewa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello mwaka 1977. Alifariki mwaka 1984, na picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Mzazi mmoja ameniambia, "Nilileta mtoto asome, sio achezee tope." Mzee wangu, nakuelewa. Hesabu tutasoma siku zote tano kama kawaida. Ila bibi huyu ana miaka mingi, na katika zoni nzima sijaona msichana hata mmoja anayekaa naye kujifunza. Na mimi ninayewafundisha, ndugu zangu, nina cheti cha sekondari tu.

Nilimsomea bibi habari hii kabla ya kuipeleka kupigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Huyo Ladi, udongo alichimbiwa na nani?"

Nikaelewa. Magoti yake hayafiki tena bondeni.

Kwa hiyo Ijumaa baada ya vipindi tunakwenda kuchimba. Natafuta wazazi wawili wa kutusindikiza, na majembe. Watoto waje na ndoo na nguo za zamani. Bibi amesema ule mweusi wa kando ya maji ndio mzuri, mwekundu tuuache.