Hesabu Rangi Kabla ya Kuhesabu Shilingi

Mpelekee mchapaji wa Arusha kazi ya kipeperushi, naye atakuuliza maswali mawili: nakala ngapi, rangi ngapi? La kwanza wengi tunalijibu haraka. La pili tunalibahatisha, na ndilo linalokula fedha zetu.

Ofseti au dijitali?

Mashine ya ofseti hutaka pleti moja kwa kila rangi ya wino. Kitabu cha risiti cha rangi ya bluu pekee kinahitaji pleti 1. Kipeperushi cha safari chenye picha pande mbili kinahitaji rangi nne kila upande, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Hizo ni pleti 8. Ukichapa nembo kwa wino maalumu wa Pantone pande zote mbili, zinafika 10.

Gharama ya pleti haipungui kwa kuchapa nakala chache. Nakala 100 zinagawana mzigo uleule ambao nakala 2,000 zingeugawana, kwa hiyo kila moja inabeba mara 20 zaidi.

Dijitali haina pleti. Unalipia kila ukurasa. Basi chagua hivi:

- Kadi 150 za mchango wa harusi: dijitali.
- Vipeperushi 2,000 vya utalii: ofseti, rangi nne.
- Vitabu vingi vya risiti na ankara: ofseti, rangi moja.
- Wino maalumu: pale tu ambapo rangi ya nembo haitakiwi kubadilika hata kidogo.

Mitego ndani ya faili

Simu huunda rangi kwa mwanga. Karatasi huzipata kwa wino. Ndiyo maana waridi la heroe wa maziwa ya Momella, au kijani cha msitu wa Meru, hung'aa kwenye skrini na kufifia kwenye kipeperushi. Word haiandai faili katika rangi nne za wino, na Canva hutoa huduma hiyo kwa wanaoilipia. Kwa kazi moja, usinunue programu: mwombe mchapaji aligeuze faili, kisha ukague matokeo kabla hajaendelea.

Maandishi madogo yawe ya wino mweusi pekee, asilimia 100. Weusi uliochanganywa kwa rangi nne una hasara mbili. Kwenye ofseti, pleti zikipishana kidogo tu, herufi huota kivuli. Kwenye dijitali, ukurasa wenye maandishi matupu unaweza kuhesabiwa kuwa wa rangi, nawe ukatozwa hivyo.

Kabla ya kulipa

Omba bei iliyoandikwa ikitaja idadi ya rangi, pleti na nakala, na kama VAT imo. Omba pia sampuli, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana. Ukilazimika kubana matumizi, punguza rangi, sampuli usiiache.